Sura ya Saba: Mama wa Mama

Mganga Alois hakuwa na sura ya kutisha. Alikuwa mfupi, mwenye kitambi cha mtu anayekula kuku kila siku, na shingoni alivaa rozari pamoja na kipembe cha swala, kila kimoja kikimlinda kwa zamu yake. Inspekta Shaban Kasanda alimkuta asubuhi uani kwake akichambua mizizi juu ya gunia. Alipoiona Landrova ya polisi alisimama haraka, akajifuta mikono kwenye suruali.

“Mwangaluka, mkubwa.”

“Mwangaluka, Alois. Kaa tu. Sijaja kukukamata. Bado.”

Neno lile la mwisho lilifanya kazi yake. Mganga alikaa.

Shaban hakuwapenda waganga, na siku ile hakumpenda mtu yeyote. Bibi Apolinaria wa kijiji cha ujamaa cha Kalembela, pale njia ya zamani ya misafara inapokata msitu kuelekea Ujiji, alikuwa amekatwakatwa kwa panga ndani ya nyumba yake, mchana kweupe, kijiji kizima kikiwa shamba la pamoja kwenye palizi. Mkwewe, Wenceslaus, alitoroka shambani siku hiyo. Mtoto pekee wa Wenceslaus alikuwa kiumbe asiyesema wala kumtambua mtu, na kila mdomo Kalembela ulisema bibi yake ndiye aliyemla akili. Kwenye mwimo wa mlango wa marehemu palikutwa alama ya kiganja chenye nta, na Wenceslaus alikuwa mrina asali. Tangu akamatwe alisema jambo moja tu: alikwenda mizingani kumngoja mtu. Mtu gani? Hapo alifunga mdomo.

Mkuu wa upelelezi alitaka Wenceslaus afikishwe mahakamani Jumatatu kwa kosa la kuua, na kosa hilo lina adhabu moja. Mkewe, Katarina, binti wa marehemu, alikuwa na mimba kubwa. Mama yuko kaburini, mume yuko rumande, na mtoto mgonjwa yuko mgongoni kwake. Shaban alichoshindwa kukimeza ni kitu kidogo tu. Mtu aliyeua angejitungia uongo mzuri kuliko ule.

“Wenceslaus wa Kalembela alikuletea kuku?” aliuliza.

“Hajawahi. Ndugu zake walimsukuma sana aje, akakataa. Alisema yeye Mkatoliki.” Alois aliigusa rozari yake. “Na mimi Mkatoliki, lakini kila mtu na msimamo wake.”

“Nani basi alikuja kuuliza habari za mtoto wa kiume asiyesema?”

“Watu wanakuja wengi, mkubwa.”

Shaban alizunguka ua polepole, mikono nyuma, hadi kwenye shimo la majivu. Akachutama, akaokota unyoya, akaupuliza majivu. Ulikuwa mrefu, mweupe pee. Akaokota wa pili, wa tatu. Yeye alizaliwa Ipuli, mama yake alifuga kuku maisha yake yote, na kuku wa nchi hii aliwajua: wekundu, weusi, madoadoa, kijivu. Kuku mweupe namna hii ni wa kizungu. Mabwana shamba waliwahi kuwagawia Kalembela vifaranga vyake, lakini ugonjwa wa mdondo uliwafagia wote kabla hawajaota upanga kichwani. Siku hizi walifugwa mjini tu, ndani ya wavu, na watu wenye uwezo wa kuwanunulia chakula.

“Huyu alikuwa wa nani?”

“Wa mteja.”

“Kwa nini hukumwambia anunue wa kienyeji? Huyu hana hata supu.”

Alois alimtazama kwa huruma. “Mkubwa, wewe si mtu wa hapahapa? Kuku wa ramli hanunuliwi. Anatoka uani kwa mgonjwa, na mgonjwa anamtemea mate mdomoni, ndipo kuku anabeba habari zake. Ukiniletea wa sokoni nikimpasua nitasoma matatizo ya sokoni.”

Shaban aliuweka unyoya mfukoni. Mteja huyo angeweza kuficha jina, na bila shaka alilificha. Angeweza kuvaa nguo za kuazima. Kuku tu ndiye aliyemshinda kuficha, kwa sababu alitaka jibu la kweli, na kwa jibu la kweli ilibidi aje na kuku wa kwake.

“Alisema mtoto ana nini?”

“Wa kiume. Hasemi. Mate yanamtiririka. Akila anatia vidole kooni anarudisha chakula. Macho yameachana, pua kama imekanyagwa.”

“Ukamtaja nani?”

“Sikumtaja mtu. Sheria naijua.” Alois aliinua viganja. “Nilimwambia tu alichosema kuku. Kuku alisema, mama wa mama.”

“Mama wa mama wa mtoto.”

“Ndiyo. Akasema haiwezekani, mkewe ni yatima, bibi alishakufa. Nikamwambia kuku hasemi hivyo. Kuku anasema yu hai. Akaondoka amekasirika, hata kuaga hakuaga.”

“Lini?”

“Wiki hiyohiyo ya msiba wa Kalembela.” Alois aliinamisha kichwa. Kama alikuwa ameunganisha mambo mawili hayo kabla ya siku ile, hakuonyesha. “Mrefu, maji ya kunde, kofia ya viua. Ukimpa mkono unanukia nta.”

Shaban alirudi kwenye gari bila kuaga, naye.

*

Daktari Tatu Mbaraka alikuwa akinawa mikono aliposikiliza maelezo yote, na alipomaliza kusikiliza aliendelea kunawa. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwenye sauti ya chini, aliyesomea nchi za baridi na kurudi na tabia ya kukunja uso kabla ya kusema jambo lolote.

“Nimewaona watoto wawili wa namna hiyo hapa hospitali ya Kitete,” alisema. “Wa kwanza alitoka Kalembela. Bibi yake ndiye aliyembeba mgongoni, mama mtu alikuwa nyuma na mzigo. Huyo bibi ndiye mliyemzika?”

“Ndiye.”

Daktari alifunga bomba. “Alikuwa ananiuliza maswali kuliko wote. Alitaka kujua kama chakula chake ndicho kilichomdhuru mtoto.”

“Na wa pili?”

“Wa mtaa wa Chemchem, hapa mjini. Mama yake alikuja peke yake, amejifunika. Mwamvita. Mumewe anafanya biashara ya asali na nta.” Akachukua taulo. “Habari za wagonjwa huwa sizitoi, Inspekta. Nazitoa kwa sababu umeniambia kuna mtu atanyongwa.”

“Nakushukuru. Sasa niambie, watoto wawili kufanana ugonjwa ni ajabu gani? Surua inawapata mtaa mzima.”

“Huu hauambukizi. Niliwapima damu wote wawili. Niliitia rangi ya buluu, na baadhi ya chembe zao zikatokea na madoadoa madogo, zimejaa. Damu kama hiyo sijawahi kuiona kwa mtu mwingine Tabora. Halafu uso mmoja, akili moja, hata maumbile ya kiume yana kasoro ileile. Vitu vinne visivyohusiana, vyote kwa watoto wawili.” Alivuta kiti. “Unajua jora la kitambaa?”

“Nani asiyelijua?”

“Kila chembe ya mwili wako ina uzi mrefu wenye maagizo yote ya kukutengeneza. Maagizo hayo tunayaita jeni. Kuna jeni za damu, za pua, za ubongo. Lakini uzi ni mrefu mno, kwa hiyo umeviringishwa, umebanwa kama majora dukani. Mwili ukitaka kusoma agizo fulani, lazima jora lifunguliwe mahali hapo, halafu likishasomwa lifungwe. Kuna wanaofanya kazi hiyo ya kufungua na kufunga, na wao pia wameandikiwa jeni yao. Nadhani, na hili ni wazo langu, nikiliandika nitachekwa, nadhani kwa watoto hawa agizo la damu ni zima, na la ubongo ni zima. Aliyeharibika ni mfunguaji. Majora yamejaa dukani na hakuna wa kuyakunjua.”

Shaban alilifikiria jambo hilo. Alimkumbuka mtoto wa Wenceslaus akitikisa kichwa mbele ya ukuta, na kwa mara ya kwanza akamwonea huruma ya kweli, tofauti na ile ya kazini.

“Na mfunguaji mbovu anatoka wapi?”

“Kwa mama. Mwanamke amebeba nakala mbili za jeni hiyo, moja ikiharibika ya pili inamtosheleza, hata haumwi. Mwanamume anapewa moja tu, na anapewa na mama yake. Akipewa mbovu, ndiyo hivyo. Akipewa nzima, amepona. Ni bahati nasibu, nusu kwa nusu. Binti naye anaweza kuibeba bila kujua na kuwapa wanawe.”

“Kwa hiyo yule mama wa Chemchem na Katarina wa Kalembela…”

“Nilimuuliza yule wa Chemchem kama ana dada. Akasema ni yatima, hana mtu duniani.” Daktari alikunja uso. “Damu ya mwanawe inasema ana mtu.”

*

Nyumba haikuwa ngumu kuipata. Fundi cherehani wa kwanza aliyeulizwa alinyoosha mkasi tu. Uani, nyuma ya wavu, kuku weupe walikuwa wakidonoa pumba, wamenawiri kuliko watu wengi wa mtaa ule.

Mwamvita alikuwa akipepeta mchele. Mtoto wake alikuwa amekaa mkekani, amefungwa kiunoni kwa kipande cha kanga, na ncha ya pili imefungwa kwenye kinu asije akatambaa hadi jikoni. Shaban alimtazama mara moja ikatosha. Macho yale yale yaliyoachana, pua ile ile, mdomo wa chini umelegea na kumeta mate. Nyumba mbili, mjini na porini, Mwislamu na Mkatoliki, na mtoto ni kama amechapwa mara mbili.

“Anaitwa nani, dada?”

“Omari.”

“Mungu amjalie. Mama yako yuko wapi, Bi Mwamvita?”

“Alikufa Ujiji, mimi nikiwa mdogo.” Aliliharakisha jibu hilo, kama mtoto anayetamka alichokaririshwa.

“Pole. Umesikia habari za bibi aliyeuawa Kalembela?”

Ungo uliinama upande, mchele ukamwagika. Mwamvita alichutama kuukusanya, punje baada ya punje, uso kauelekeza chini.

“Watu wamesema,” alijibu.

Mlango wa mbele ulifunguliwa, na mtu mrefu wa maji ya kunde akaingia, kofia ya viua kichwani, katoka kusali adhuhuri. Abasi Mfaume alitoa salamu yake kamili, akapeana mkono na mgeni. Mkono ulinukia nta.

“Kalembela unafika, Bwana Abasi?”

“Mimi mnunuzi wa nta. Nafika kote, mpaka Urambo.”

“Na kwa Alois mganga?”

“Mimi Mwislamu, Inspekta.”

“Yeye ni Mkatoliki. Hilo halijamzuia mtu.”

“Sijawahi kufika.”

“Kuku wako wote wapo?”

Abasi alitazama wavu, halafu akamtazama mkewe, halafu wavu tena. “Wengine huchukuliwa na mwewe.”

“Mwewe wa Chemchem anafungua wavu na kuufunga?”

Shaban akamwomba avae viatu waongozane hadi kituoni. Mwamvita hakuinuka pale alipochutama, wala hakuuliza mumewe amefanya nini, na Shaban aliligundua hilo akaliweka akilini.

*

Kwenye gwaride la utambulisho Alois alipita mbele ya wanaume waliopangwa, wote wamevaa kofia, akamgusa Abasi begani bila kusita, kisha akarudi nyuma haraka kama ameshika kaa la moto. Hilo lilikuwa la kwanza. La pili lilitoka mahabusu.

“Tumemkamata Abasi Mfaume,” Shaban alimwambia Wenceslaus.

Kijana yule aliinua kichwa. Alikuwa amekonda, na macho yake yalikuwa yameingia ndani. “Yule wa nta?”

“Ndiye uliyekuwa unamngoja mizingani?”

“Ndiye. Yeye ndiye aliyeniambia nitoke shambani mchana huo nikamsubiri na madebe ya asali. Analipa vizuri kuliko ushirika. Nilikaa mpaka jua likainama, hakuja.”

“Kwa nini hukusema?”

“Kuuza nje ya ushirika, afande, kijiji wangeninyang’anya mizinga.”

“Ungenyongwa, Wenceslaus.”

“Kunyongwa sikuwa na hakika nako. Mizinga nilijua wataichukua.”

Shaban alitaka kucheka, akashindwa. Basi Abasi alikuwa amemwondoa shambani mtu mwenye kila sababu ya kushukiwa, akapita njia ya msituni, akaingia nyumba ya mwanamke asiyekuwa na wa kumlinda. Ilikuwa imepangwa, na kwa utulivu.

Lakini mkuu wa upelelezi, alipopelekewa habari, aligonga meza kwa kidole. “Amekwenda kwa mganga. Kumwagiza mtu asali. Yote mawili ni makosa madogo. Nionyeshe kwa nini amuue kikongwe wa Kalembela asiyemhusu.”

Na Abasi mwenyewe, chumbani kwa mahojiano, alilijua tundu hilo. Alikaa ameegemea, mikono magotini. “Mwanamke huyo ni nani kwangu, Inspekta? Mke wangu ni yatima. Hilo mtaa wote unalijua.”

“Utasema hivyo mbele ya jaji?”

“Nitaapa kwa msahafu.”

Kilichobaki, basi, kilikuwa kuthibitisha kwamba Mwamvita ni mtoto wa Apolinaria. Kijijini hakuna aliyeweza. Watu wa Kalembela walikuwa wamekusanywa kutoka kila pembe wakati wa operesheni ya vijiji, majirani wa zamani wa bibi wametawanyika, na Katarina mwenyewe aliamini amezaliwa peke yake. Lakini daktari alikuwa na damu, na damu hiyo ingesimama mahakamani. Shaban alishuka tena mahabusu akiwa mwepesi. Kwa mara ya kwanza wiki ile alikuwa na habari njema ya kumpa mtu, na akaitoa yote, bila kuchuja. Alimweleza Wenceslaus habari za kuku wa Alois, za majora na za mfunguaji. Alimweleza jinsi ugonjwa ulivyotoka kwa bibi ukapitia kwa binti zake wawili, ukawashukia wajukuu wawili, na jinsi daktari atakavyolieleza jambo hilo mbele ya jaji, neno kwa neno, mpaka kila mtu aelewe.

Wenceslaus alisikiliza hadi mwisho.

“Kwa hiyo mganga alisema kweli,” alisema.

“Hapana. Mganga alisema amelogwa. Huu ni ugonjwa.”

“Alisema umetoka kwa mama wa mama. Daktari naye anasema umetoka kwa mama wa mama.” Wenceslaus hakuwa na ubishi wowote, alikuwa akihesabu tu. “Mimi nilimtetea yule mama, afande. Ndugu zangu walinitenga kwa ajili yake. Nilisema hana kitu. Kumbe alikuwa nacho.”

“Hakukijua.”

“Na Katarina anacho.”

Wenceslaus alikunja kidole kimoja, kisha cha pili.

“Na huyo aliye tumboni?”

“Anaweza kuzaliwa mzima. Daktari amesema nusu kwa nusu.”

“Kalembela hawajui nusu,” alisema Wenceslaus. Aligeukia ukuta. “Nikirudi, ndugu zangu watakuwa wamekwisha sikia. Daktari wa serikali ameapa mahakamani kwamba mke wangu ana kitu kinachokula watoto wa kiume. Mimi nitalala nje ya mlango na panga siku ngapi?” Baadaye kidogo, kwa sauti ndogo zaidi, akaongeza, “Na sijui kama nitalala nje ya mlango.”

Shaban alipanda ngazi taratibu kuliko alivyoshuka. Alijichukia. Alikuwa amejivunia akili yake kwa nusu saa nzima, na katika nusu saa hiyo amemtia sumu mtu pekee aliyekuwa amesimama kati ya Katarina na kijiji. Maneno ya mganga yalimhusu marehemu, na yalizikwa naye. Maneno ya daktari yangemhusu aliye hai.

*

Mwamvita alimkaribisha ndani safari hii, akamwekea kiti, naye akakaa mkekani karibu na mtoto, aliyefungwa kwenye kinu kilichoingizwa ndani. Alikuwa amelia, na hakujaribu kulificha hilo.

“Sheria haikulazimishi kutoa ushahidi juu ya mumeo,” Shaban alisema. “Nakwambia mapema ili usiseme baadaye nilikudanganya. Ukinyamaza, nitamleta daktari. Daktari ataeleza ugonjwa wa Omari na wa mtoto wa Kalembela ni mmoja, na umetoka kwa bibi mmoja. Abasi atatiwa hatiani kwa hiyo damu. Lakini huko Kalembela kuna mwanamke anaitwa Katarina. Ana mimba. Wakisikia hayo watamfanya alivyofanywa mama yake.”

“Mama yake,” Mwamvita alirudia.

“Na yako.”

Alimpangusa mtoto mate kwa upindo wa kanga.

“Nilitolewa kwa watu wa hapa mjini mwaka wa njaa,” alianza. “Nyumbani nikiitwa Nyamizi. Mama alinileta mwenyewe, akaniacha mlangoni, akasema atarudi mvua zikinyesha. Mvua zilinyesha. Nilipokua nikaambiwa niseme amekufa, ni heshima zaidi kuliko kusema amekutupa. Hata Abasi nilimwambia hivyo aliponioa.”

“Ulijuaje kwamba yu hai?”

“Hospitali. Nilikaa naye benchi moja. Yeye amembeba mtoto, mama wa mtoto amekwenda dirisha la dawa, na mimi nimembeba huyu. Alimtazama Omari, akanitazama mimi, akasema, na wako pia, mwanangu? Mimi nikauona mkono wake. Kidole gumba kilichopinda, alipigwa na mchi mimi nikiwepo. Nikamuuliza anatoka wapi. Kalembela, akasema. Nikamwambia pole, mama. Yeye akafikiri namwita mama kwa adabu tu.”

“Hukumwambia.”

“Nilikuwa na hasira. Nilisema nitakwenda siku nyingine.” Alimvuta Omari karibu. “Halafu Abasi akarudi kutoka kwa mganga. Akanikaba, mke wangu, mama yako yuko wapi, kuku amesema yu hai. Ningeweza kukataa. Nilikwisha kukataa miaka yote. Lakini na mimi, bwana, nilikuwa nimemtazama Omari miaka sita sijui nimlaumu nani. Nikasema, yuko Kalembela, anaitwa Apolinaria. Nilimpa jina kwa mdomo wangu. Sikujua atakwenda na panga. Nilifikiri atakwenda kumwomba amwachie mtoto.”

“Aliporudi?”

“Kanzu ilikuwa na damu. Alisema amechinja. Nikaifua.”

Nje, kuku walikuwa wakigombania pumba. Shaban aliweka kalamu chini. Maneno yale matatu, jina, kijiji na kanzu, yalimtosha jaji yeyote, na daktari angebaki hospitalini kwake na chembe zake za buluu. Alimweleza hivyo. Akamweleza pia lililobaki, kwa sababu alikuwa amechoka kuwapa watu nusu ya habari.

“Wakili wa Abasi atakuuliza mumeo alimjuaje huyo bibi. Itabidi umjibu.”

“Nitamjibu.”

“Katarina ndiye mfiwa. Atakuwa amekaa mbele.”

Mwamvita aliinua uso. Hilo hakuwa amelifikiria. Shaban aliona jinsi lilivyomwingia, na akatamani angekuwa na kazi nyingine.

“Anafanana na nani?” Mwamvita aliuliza.

“Na wewe. Hasa anapokasirika.”

“Hajui kama nipo?”

“Hajui.”

Alianza kulifungua fundo la kanga kwenye kinu. Lilikuwa limekaza, kwa hiyo ilichukua muda. Mtoto aliachiwa, akabaki amekaa palepale.

“Basi usimwambie,” alisema. “Akijua ana dada, atakuja mbio kuniona, na mimi sitaweza kusema tena. Asubiri. Siku hiyo atasikia mara moja yote mawili, kwamba ana dada na kwamba dada ndiye aliyemuuza mama. Hatataka kuniona maisha yake yote.” Akampandisha Omari mgongoni, akamfunga kwa mbeleko. “Lakini atazaa salama, si ndiyo?”

“Hakuna atakayemgusa,” Shaban alisema.

“Twende, basi, kabla sijaogopa.”